Mazishi ya Mgomba

Dorkasi alikubali kulia kwenye sinema kwa sababu moja tu, na hakumwambia mtu: alikuwa amesahau mumewe alikuwa akivuta mguu gani.

Usimcheke. Mtu unaishi naye mpaka unamjua kwa kikohozi chake akiwa bado yuko ng'ambo ya kijito, halafu anakufa, masika yanapita na mengine yanakuja, na siku moja uko shambani unapalilia kabichi, unajaribu kumtembeza kichwani mwako, naye anagoma kutembea. Sefania alianguka kutoka kwenye mparachichi akiwa kijana, na tangu hapo mguu wake mmoja ukawa unamfuata mwenzake kwa uvivu. Lakini upi? Dorkasi alisimama katikati ya tuta akavuta wa kulia, akavuta wa kushoto, yote miwili ikawa ya uongo. Efrazia, wifi yake, aliyekuwa tuta la chini, akamuuliza kama ameingiliwa na siafu.

Picha ya marehemu haikuwepo. Sefania alikuwa amekataa kwenda kwa mpiga picha wa Lushoto mpaka apate koti la maana. Koti likapatikana, akazikwa nalo.

Mtu aliyekuwa na Sefania mzima, kuanzia kikohozi hadi unyayo, alikuwa mmoja tu, naye ni Idd wa Soni. Idd alikuwa mchuuzi wa mboga, tena Mzigua, na kwa hiyo mtani wa nyumba ile ya Wasambaa. Siku za uhai wa rafiki yake alikuwa akipanda mlima kuja kununua kabichi, na kabla hajafika mlangoni anajigeuza Sefania: mabega yanashuka, kikohozi kinatoka mara mbili kama mtu anayeuliza swali, mguu unaburuzwa, na mbwa wa nyumbani anachanganyikiwa asijue amkimbilie nani. Halafu anagonga mlango kwa mpini wa jembe na kusema neno alilozoea kulisema Sefania kila jioni akirudi kwenye nyumba yake mwenyewe: "Wenyewe mpo?" Na Dorkasi, awe anapika au anasali, hujibu jibu lake la tangu mwaka wa ndoa: "Wenyewe tumehama!"

Sasa, kazi ya mtani inajulikana. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayekuja na koti alilovaa kinyume na masizi usoni, anamwiga marehemu, anamtukana kwa kufa bila ruhusa, mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado yanatiririka. Msiba usio na mtani ni kama chai isiyo na sukari. Inanyweka, lakini kila mtu anajua kuna kitu kimekosekana. Siku ya kumzika Sefania watu waliangalia njia ya Soni mpaka shingo zikauma. Idd hakuja. Mchungaji akasali, kwaya ikaimba, udongo ukarudishwa, na Sefania akazikwa kimya kama mgeni.

Tangu siku hiyo Dorkasi alipita mbele ya genge la Idd akiwa ameinua uso juu, kana kwamba mbinguni kuna tangazo analisoma. Idd alisalimu mwanzoni. Baadaye akawa anasalimu kabichi zake. Na kumwomba mtu uliyemnyima salamu akuigie mumeo siku ya soko, katikati ya watu wanaopima viazi, ni jambo lisilofanyika. Kuiga marehemu ni kwa msibani. Nje ya msiba ni tusi. Kwa hiyo Sefania alikuwa amefungiwa ndani ya mwili wa Mzigua mmoja pale Soni, na Dorkasi alikuwa mlimani anampoteza kidogo kidogo, na kiburi kilikuwa kimekaa katikati yao kama ng'ombe barabarani.

Ndipo ilipokuja Landrova ya sinema.

Aliyeshuka aliitwa Ndugu Mosi, kijana wa Tanga mwenye miwani, aliyesomea mambo ya filamu ng'ambo na kurudi na makoti mawili ya baridi. Alikuwa anatengeneza sinema ya mtu anayekufa, anayefika ahera, na kutoka huko anawatazama watu wake wakimlilia. Ahera ya Ndugu Mosi ilikuwa na ukungu, na ukungu aliambiwa uko Usambara. Katibu wa kijiji akaitisha mkutano akatangaza kwamba hii ni kazi ya taifa, na atakayekuja kulia siku hiyo atahesabiwa kuwa amefanya kazi kwenye shamba la ujamaa. Hapo watu walipiga makofi. Kulia ukiwa umekaa, ukikulinganisha na kulima matuta ya mteremko ule, hata wewe ungepiga makofi.

Walitafuta mjane. Wajane walikuwepo kadhaa, lakini nyumba ya Dorkasi ndiyo iliyokuwa imekaa vizuri ukingoni, ukungu ukipanda kutoka bondeni unaingia moja kwa moja uani. Ndugu Mosi akaja kumwomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Usikalie hicho, kina kuku."

Akamweleza. Dorkasi alikuwa anamenya viazi na hakuwa na nia ya kukubali, mpaka kijana aliposema, "Na mwisho, mama, mumeo anarudi. Anatoka kwenye ukungu, anatembea taratibu hadi mlangoni hapo."

Kisu kikasimama. "Anatembea?"

"Anatembea."

"Basi nitalia," alisema Dorkasi.

Alijua vizuri kwamba ni sinema. Hakuwa mtoto. Lakini alifikiri, na tumwachie fikra yake, kwamba mwanamume yeyote akitoka kwenye ukungu ule na kuja mlangoni pale, akaelekezwa vizuri, labda miguu itakumbuka yenyewe.

Mwanamume aliyeletwa alikuwa Mwalimu Nikodemo, anayefundisha shule moja ya Lushoto, mtu wa sura nzuri na kifua cha mbele. Mwalimu ndiye aliyekuwa akisimamia gwaride la wanafunzi kila sikukuu ya Uhuru, na gwaride lilikuwa limemkaa. Alitoka kwenye ukungu, shuka jeupe begani, kushoto kulia, kushoto kulia, akafika mlangoni akageuka kwa kisigino.

"Huyo anarudi kutoka ahera au anakwenda kukamata mtu?" Efrazia aliuliza.

"Vuta mguu, Mwalimu," Dorkasi akamwambia.

"Mguu upi, mama?"

Dorkasi akaitazama miguu ya Mwalimu, mmoja baada ya mwingine.

"Wa kulia!" Efrazia alisema kwa sauti ya mtu anayejua. "Mimi ni dada yake."

"Wa kushoto," Dorkasi alisema. "Au... ngoja. Alikuwa akishika jembe mkono huu, kwa hiyo..." Akajishika mkono, akashika na mwingine, akaingia jikoni akasema moshi umemwingia machoni. Moto haukuwa umewashwa. Alikaa kwenye kigoda akalia kwa uchungu, kwa sababu hapo ndipo alipojua kwa hakika kwamba Sefania anakwenda mara ya pili, na safari hii hana hata wa kumzuia.

Siku ya kupiga picha ya mazishi kijiji kizima kilikuja, na waliokuwa wagonjwa walipona. Jeneza lilikuwa limechongwa vizuri. Vijana walipoliinua, kina mama wakasimama mbele yao.

"Humo kuna nini?" aliuliza Efrazia.

"Hamna kitu," alisema Ndugu Mosi. "Ni tupu."

"Tupu!" Wakashika vichwa. Jeneza tupu likibebwa linatafuta mtu wa kuingia, hilo hata mzee wa kanisa alilijua ingawa hakuwa analisema kanisani. Ndugu Mosi akaeleza habari za sanaa. Kina mama wakaeleza habari za jeneza. Mwishowe ukachimbuliwa mgomba na kisiki chake, ukafungwa sanda, ukalazwa humo, na watu wakapumua. Ndivyo walivyofanya wazee wao mtu alipopotea porini na mwili usionekane.

Dorkasi akakalishwa mkekani uani, amefunikwa kanga kichwani mpaka kidevuni, akabaki na upenyo wa jicho moja.

"Haya," Ndugu Mosi akasema, akainama kwenye kamera. "Lieni!"

Mbuzi peke yake akalia.

"Lieni, jamani!"

"Tunamlilia nani?" Efrazia aliuliza.

"Marehemu. Anaitwa Karimu."

"Karimu wa wapi?"

"Wa popote, mama. Ni mtu tu."

Kina mama wakatazamana. Karimu wa popote! Mmoja alijaribu, akatoa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba, mwenzake akaangua kicheko, na kicheko kikapita mstari mzima wa waombolezaji. Katibu akawakumbusha juu ya kazi ya taifa. Mwalimu Nikodemo, ambaye alikuwa marehemu lakini alipewa ruhusa ya kutazama, akapendekeza vitunguu. Vikaletwa vitunguu kapu zima, na macho yakatoa machozi kweli, lakini vinywa viliendelea kucheka, na Ndugu Mosi akavua miwani akaifuta kama mtu anayefikiria kurudi Tanga.

Huko chini Soni, sasa, habari zilikuwa zimefika kama habari zinavyofika. Mtu wa kwanza alisema kuna jeneza kwa Dorkasi. Wa pili hakuona haja ya kutaja sinema. Wa tatu alisema Dorkasi maskini, hata juzi alikuwa sokoni.

Vijana walikuwa wamelibeba jeneza hadi katikati ya ua pale iliposikika sauti kutoka kwenye mteremko.

"Dorkasi! Mwanamke mwizi! Unaondoka kabla hujaitikia salamu yangu!"

Watu wakageuka. Idd alikuwa anapanda mbio, koti amelivaa kinyume, masizi usoni, sufuria iliyotoboka kichwani, na machozi yanachora mistari kwenye masizi. Hakuitazama kamera. Mtu aliyekuja kuzika hana habari na kamera. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza akalipiga kofi.

"Wekeni chini! Nani amemruhusu huyu kufa? Mimi mtani wake nimeulizwa?"

Vijana wakaliweka chini. Katibu aliinua mkono kueleza, Efrazia akaushusha. Dorkasi, chini ya kanga, alielewa yote kwa mara moja, na la kwanza alilotaka ni kuinuka amfukuze. Hakuinuka.

Idd alichukua lile kapu la vitunguu akajitwika juu ya sufuria. Akainua pua mbinguni. Akaanza kupita mbele ya genge lisilokuwepo, makalio yamekasirika, macho mawinguni, akajikwaa kwenye kabichi isiyokuwepo, akaiomba radhi kabichi, akamwangalia mwenye genge, akakumbuka kwamba hamwoni, akaendelea. Alikuwa Dorkasi kabisa. Kijiji kikalipuka. Wazee walishikana mabega. Na Dorkasi mwenyewe, aliyejiona kwa mara ya kwanza anavyopita pale Soni, aliuma kanga kwa meno.

"Ndivyo atakavyofika huko!" Idd alipiga kelele. "Hodi hapigi! Malaika wanamsalimu, yeye anasoma mawingu! Lakini ngojeni, kuna mtu anakuja kumpokea."

Akatua kapu. Akavua sufuria. Jembe la Dorkasi lilikuwa limeegemea ukuta, akalichukua. Mabega yakashuka. Kikohozi kikatoka, mara mbili, cha pili kikiuliza. Kicheko kikakatika uani kama mtu amezima redio.

Halafu akatembea. Mguu wa kulia ulitangulia, na wa kushoto ukafuata nyuma, bila haraka, kidole gumba kikichora mstari mdogo kwenye vumbi kabla hakijanyanyuka. Wa kushoto. Bila shaka wa kushoto! Na ule mstari wa kidole gumba, ambao Dorkasi alikuwa akiufagia kila asubuhi na kuulalamikia, alikuwa ameusahau kabisa hata kwamba uliwahi kuwepo. Sefania alivuka ua. Alipuliza chai isiyokuwepo, ambayo hata hivyo ilikuwa imeshapoa. Aliwatazama kuku kwa lawama. Akafika mlangoni, akageuza jembe, akagonga kwa mpini.

"Wenyewe mpo?"

"Wenyewe tumehama!" alijibu Dorkasi.

Jibu lilitoka lenyewe, kwa sauti ya jikoni. Idd akaganda. Akalitazama jeneza kwanza, kwa sababu huko ndiko alikojua Dorkasi yuko. Kisha akaitazama kanga ile mkekani, na kanga ikashuka, na ndani yake kulikuwa na uso uliolowa machozi na kicheko, hai kabisa.

Idd alikaa chini pale pale, jembe mapajani. "Na humo," aliuliza kwa sauti yake mwenyewe, "kuna nani?"

"Mgomba," Efrazia alisema.

Hapo hata Ndugu Mosi alicheka, akishikilia kamera isiyumbe.

Dorkasi alikwenda akakaa vumbini mbele ya Idd. Watu wakajifanya wanaangalia mambo mengine, wote wakiwa wametega masikio.

"Kwangu umekuja," alisema. "Kwa Sefania ulikuwa wapi?"

"Nilikuja, mke wangu." Mtani huita hivyo. "Nilifika hapo kijitoni. Koti kinyume, masizi tayari. Nikajaribu kikohozi chake, nikasema nijaribu kimoja kabla sijatokea. Kikatoka kilio. Nikajaribu tena, kilio. Mtani anayeingia msibani analia, huyo ni mtani gani? Atawachekesha nani? Niliwasikia mnaimba. Nikanawa uso kijitoni, nikarudi."

"Na leo mbona umeweza?"

"Leo niliogopa zaidi kukosa mara ya pili."

Hasira ambayo Dorkasi aliitunza vizuri, akaipeleka sokoni na kuirudisha, aliitafuta na hakuiona. "Mjinga wewe," alisema, na akalia kwa sauti, kilio cha kweli, kile ambacho siku ya mazishi yenyewe hakikutoka. Idd naye akalia, masizi yakamwingia mdomoni. Kina mama, ambao sasa walijua wanamlilia nani, wakapokea. Kililiwa kilio siku ile mpaka bonde likaitikia, na katikati ya kilio mtu alikuwa akikumbuka Idd na kapu la vitunguu, na kicheko kinaanza upya.

"Sikuizima," Ndugu Mosi alisema baadaye, akiigusa kamera. Kisha akamwomba Idd atembee tena, kwenye ukungu, akiwa ameipa kamera mgongo. Mwalimu Nikodemo alinuna kidogo, kisha akakubali: uso utakuwa wake, mgongo na miguu vitakuwa vya Idd. Na mgomba, kwa kuwa umeshaliliwa, kina mama walikataa kuutupa. Ulifukiwa na kisiki chake nyuma ya nyumba, kwa wimbo, na haukukawia kuchipua.

Kiangazi kilichofuata gari la sinema lilikuja Soni, shuka likatandazwa uwanjani jua lilipozama, na mlima wote ukateremka. Watu walijipigia kelele wao wenyewe kila walipojiona. Kisha Mwalimu akafa vizuri sana, akafika ahera, na ahera ikawa mteremko wa nyumbani kwa Dorkasi wenye ukungu. Kutoka huko marehemu alichungulia chini kuwatazama watu wake. Hawakuwa wanalia. Ndugu Mosi alikuwa ameweka kile kicheko: wazee wanashikana mabega, Efrazia amekunja tumbo, na Dorkasi mkekani, kanga imeshuka, anacheka na machozi. Ndicho alichokiona marehemu kutoka ahera, na akaonekana ameridhika. Akageuka, akachukua jembe, akaondoka ndani ya ukungu, mgongo ukitutazama, mkubwa kama nyumba, mguu wa kushoto ukichora mstari wake.

"Wa kushoto," Efrazia alisema gizani. "Mimi nilisema."

Shuka likabaki jeupe. Watu wakapiga mayowe irudiwe, lakini mwenye gari alikuwa anakunja nyaya, kesho anatakiwa kwingine. Dorkasi hakupiga mayowe. Idd alikuwa amekaa pembeni yake kwenye gunia la viazi, na kikohozi cha Sefania alikuwa nacho kifuani.

"Idd."

"Naam, mke wangu."

"Siku yangu ikifika kweli, uje."

"Na kama nitakuwa nalia?"

"Uje unalia hivyo hivyo," alisema Dorkasi. "Usinawe uso."

Kisha akamwambia amshike mkono, njia ni mbaya na giza limeingia, na wakapanda pamoja na wengine hadi penye njia panda, wakibishana bei ya kabichi.